Viroba vya Udongo Vimekula Mlango Wangu

Jamani, leo aibu nimeitafuta mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikaipata. Hakuna aliyenisingizia. Acha niwasimulie mapema kabla hamjasikia kwa watu wa Nyasubi, maana wao wataongeza chumvi.

Mnajua mwezi uliopita tulihama. Baada ya miaka ya kupanga, mimi na mke wangu, Mama Neema, tumeingia kwenye nyumba yetu wenyewe. (Msifikirie makubwa. Vyumba viwili, sakafu bado, na mlango wa mbele hakuna.) Usiku tunasukuma kabati la nguo tunaziba pale penye uwazi, asubuhi tunalisukuma tena ili mtoto aende shule. Leo uvumilivu wa Mama Neema ukaisha.

"Baba Neema, leo usirudi bila mlango. Jana mbuzi wa jirani kaingia hadi chumbani, kanikuta nabadilisha nguo."

Hela ya mlango nilijua itatoka wapi. Mama Kulwa, aliyekuwa mwenye nyumba wetu kule Nyasubi, bado alikuwa ameshikilia dipoziti yangu ya laki mbili. Na seremala alishaniambia laki mbili, mlango na fremu yake, hapungui hata mia. Mambo yalikuwa yamekaa vizuri kabisa mpaka nilipompigia Mama Kulwa kumwambia nakuja.

Akaniambia njoo, ila kuna makato. Kitasa cha chumbani kibovu. Ukuta wa sebuleni unataka rangi, mtoto kauchora. Na kubwa zaidi, viroba vya udongo nilivyoacha stoo. Kuviondoa ni elfu sitini.

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi ni fundi cherehani, mtu mpole, lakini ukigusa mlango wangu umenigusa mimi. Nikampigia mwenyekiti wa mtaa, nikamwomba aje atusikilize. Akakubali. Mzee yule anapenda kesi ndogo ndogo, hasa zenye chai.

Sasa niwaambie ukweli kuhusu vile viroba, ila mtulie. Vilikuwa vyangu. Alivileta nyumbani shemeji yangu Masanja, mdogo wake Mama Neema, anayechimba dhahabu upande wa Geita. Alivishusha siku moja akiwa na haraka, akasema, "Shemeji, weka hivi, vitakusaidia," akaondoka zake. Tulipohama, guta lilijaa vyombo, nikaviacha. (Nani anahama na udongo?)

Nikafika kwa Mama Kulwa nimevaa koti. Pale kibarazani walikuwepo mwenyekiti, Mama Kulwa, fundi mwashi anayemjengea banda la kuku, na wapangaji wawili ambao hawakuwa na kazi ya kufanya.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia Mama Kulwa kwa Kisukuma, kumlainisha.

"Mwangaluka, Baba Neema. Karibu kiti."

Nikamwamkia na mwenyekiti shikamoo, kisha nikaanza. Jamani, niliongea. Sijui yale maneno yalitoka wapi. Nikasema kitasa nilikikuta kibovu, na Mama Kulwa mwenyewe alikiona siku ya kwanza. Akafikiri kidogo, akakubali. Kuhusu ukuta, kabla sijafungua mdomo, akasema, "Rangi naiacha. Yule ng'ombe Neema kamchora vizuri, mpangaji mpya kampenda."

Kichwa kikaanza kunivimba. Nikabaki na udongo.

"Mwenyekiti," nikasema, nikasimama kabisa, "mimi nashona suti. Udongo na mimi wapi na wapi? Vile viroba sivijui."

"Hukuvileta wewe?" mwenyekiti akauliza.

"Nilivikuta."

"Baba Neema," Mama Kulwa akasema taratibu, "stoo nilikukabidhi tupu."

"Mama, labda umesahau. Umri nao."

(Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mama wa watu aliyekuwa ananipa mboga bure. Nitaomba radhi mpaka nizeeke.)

Mwenyekiti akanigeukia. "Unasema mbele ya hawa watu wote kwamba ule udongo si wako?"

"Si wangu, siujui hata rangi yake."

Mwenyekiti akakohoa, akasema hakuna aliyeniona nikivileta, hivyo Mama Kulwa anilipe yote, mzozo uishe. Mama Kulwa hakubishana. Akafungua fundo la kanga, akanihesabia laki mbili zote, akasema, "Nenda kamwekee mwanangu Mama Neema mlango. Na kwa kuwa udongo hauna mwenyewe, nitajua la kuufanyia."

Nikatoka pale najiona wakili. Nikavuka barabara, nikanunua soda baridi, nikanywa nimesimama. Nilikuwa mtu mwenye furaha sana, na furaha hiyo ilidumu kwa chupa moja tu. Nilipomaliza nikakumbuka simu yangu nimeiacha inachaji kibarazani.

Nikarudi. Kibarazani hapana mtu. Nikachukua simu, na wakati nageuka nikasikia maji upande wa uani. Nikachungulia.

Mama Kulwa alikuwa amechuchumaa mbele ya karai. Kando yake kiroba changu kimoja kimefunguliwa. Alikuwa ameweka udongo kwenye karai, akamimina maji, akawa anautikisa polepole, anamwaga maji ya juu, anainama, anatazama kwa karibu. Anatikisa tena. Anatazama tena. Fundi mwashi naye kainama pembeni, anatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika.

Wenzangu wa mikoa mingine, mngeona mama anaosha udongo. Mimi ni wa Kahama. Huku mtu mzima akichuchumaa mbele ya karai la udongo na maji, akautazama namna ile, anatafuta kitu kimoja tu: dhahabu.

Kumbe ndiyo maana hela ilitoka kirahisi! Kumbe ndiyo maana na rangi kasamehe! Nimepigwa changa la macho mchana kweupe, tena nimelishangilia. Na maneno ya Masanja yakanijia, "vitakusaidia." Nikampigia hapo hapo. Hapatikani. Akiwa chini shimoni huwa hapatikani.

Nikapiga hesabu haraka. Si mlango tena. Milango. Madirisha ya vioo. Sakafu ya vigae. Na Mama Neema akija kujua mali ya mdogo wake nimeikana mbele ya mwenyekiti kwa ajili ya elfu sitini, kabati lile litaniangukia mimi.

Mwenyekiti nikamkuta nyumba ya pili, kashapata chai. Nikamrudisha hadi uani karibu kwa kumvuta mkono. Wapangaji wale wawili wakarudi wenyewe bila kuitwa, na safari hii wamekuja na wenzao.

"Mwenyekiti," nikasema, "dhamiri inanisuta. Nilidanganya. Ule udongo ni wangu. Wote."

"Ni wako?" Mama Kulwa akauliza, karai bado mkononi.

"Wangu, mama. Nisamehe. Naomba niuchukue leo hii. Sasa hivi."

Mwenyekiti akanisogelea. Nikadhani atanikaripia. Mzee akanishika bega, akawageukia watu akasema, "Mmeona? Mtu ameshapewa hela yake, ameshaondoka, anarudi mwenyewe kusema kweli. Watu wa namna hii wamebaki wachache." Mpangaji mmoja akapiga makofi. (Na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nisameheni, sikujua la kufanya.)

Lakini sifa hazikuzuia sheria. Kama udongo ni wangu, mwenyekiti akasema, basi gharama zake ni zangu. Nikalipa kodi ya stoo ya mwezi mzima iliyokaa bila mpangaji. Nikalipa waliovitoa viroba stoo kuvipeleka uani. Halafu nikatozwa mchenya, ile faini yetu ya kijadi kwa anayesumbua watu: kreti ya soda kwa wote waliokuwepo. Nililipa natabasamu. Ningelipa hata makreti matatu. Nikaita guta, nikaanza kubeba viroba mwenyewe, koti na yote, sitaki mtu aguse.

Kiroba cha mwisho kilikuwa kile kilichofunguliwa. Nikashindwa kujizuia.

"Mama," nikamnong'oneza, "kwenye karai uliona nini?"

"Matope," akasema.

"Matope na nini?"

"Matope, baba. Nilitaka kuujaribu kwa plasta ya banda la kuku. Fundi kasema una matope mengi, tuuoshe kwanza tuone mchanga unaobaki. Ukabaki mzuri. Ila sasa kama ni wako, chukua tu, nitanunua mwingine."

Fundi mwashi akatikisa kichwa. "Mzuri kwa plasta," akasema.

Wakati huo huo simu ikaita. Masanja. Mikono yangu miwili imekumbatia kiroba, nikamwomba mwenye guta anipokelee. Akabonyeza na spika. (Sina ugomvi naye, alitaka kusaidia.)

"Shemeji, ulinipigia?"

"Masanja, ule udongo wako," nikasema, bado nina tumaini kidogo. "Una mali?"

"Mali gani? Ule umeoshwa na sisi, wakaja kuuosha akina mama, ukaoshwa tena na mashine. Dhahabu ingekuwemo ningekupa wewe? Si ulisema chumba kimoja cha nyumba yako kiko chini, kinataka kujazwa? Nikakuletea ujazie."

Uani chupa za soda zikabaki mikononi. Mwenyekiti akanitazama, akalitazama karai, akanitazama tena. Niliona kabisa anavyoelewa, hatua kwa hatua. Kisha akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Mama Kulwa yeye alikaa chini kabisa, kajifunika uso na kanga, anacheka mpaka analia.

"Dhamiri," mpangaji mmoja akasema, na hapo ndipo wote wakashindwa kujizuia.

Nimefika nyumbani na guta. Mama Neema alikuwa amesimama nje, ameshafagia pale patakapowekwa mlango. Akatazama mzigo, akanitazama, akaufunua mzigo, akanitazama tena. Nikamweleza yote, maana angeambiwa na watu. Hela iliyobaki inatosha fremu. Mlango wenyewe mpaka nishone suti kadhaa.

Hakugomba. Akasema tu, "Vipange hapo uwazini, viwe virefu kuliko mbuzi."

Ndiyo nimemaliza kuvipanga sasa hivi. Kucheka nakataza, ila nimemwachia mtu mmoja ruhusa: mkazi wa ukanda huu wa dhahabu ambaye hana kwake kiroba cha udongo anachoogopa kukitupa. Ajitokeze.