Vita vya Mlango wa Kushoto wa Jeconia

Sogeeni, enyi mliokalishwa kwenye viti vya plastiki vya maofisi mkiambiwa ngojeni kidogo. Sogeeni nanyi mnaolipa bima kila mwaka na kuiona sura yake siku ya kulipa tu! Nawasimulia vita vya mlango wa nyuma, upande wa kushoto, wa gari jeupe aina ya Probox. Lakini haki itangulie: msiba ulizaliwa na ujinga wa shujaa mwenyewe, Jeconia wa Gatwekera, Simba wa Usukani, naye hakani. "Siku hiyo mimi ndiye nilikuwa fala," husema, na mkewe Filister huitikia, "Kabisa," kwa sauti ya mtu aliyengoja sana kuulizwa.

Ikawa asubuhi moja, pale mtaa wa Kongo, Kawangware, mkokoteni wa mitungi ya maji ukamponyoka msukumaji wake mteremkoni, ukashuka kama faru aliyechokozwa, ukaing'oa taa ya mbele ya Probox ya Jeconia, ukaipasua bampa, na katika kuaga ukautia mlango ule shimo la ukubwa wa sufuria ya ugali. Mlango haukufunguka tena.

Kampuni ya bima ikatangaza kwamba itatuma mkaguzi. Hapo ndipo shujaa alipoteleza, maana kwao mgeni hapokelewi penye uchafu. Aliliosha gari hadi chini ya matairi. Filister akafua vitambaa vya viti. Fundi Kasyoka akaitwa na nyundo yake ya mpira, akalinyoosha lile shimo, akaliziba kwa pati na kulipulizia rangi, kana kwamba wakwe wako njiani. Mkaguzi alipofika alikuta mlango unang'aa kama kioo cha kinyozi. Hakuugusa, wala hakujua kwamba bado haufunguki. Akanywa chai vikombe viwili, akaandika: "Mlango wa nyuma kushoto: hauna tatizo." Gereji ya bima ikatengeneza taa na bampa, ikarudisha gari.

Kwa wiki tano, Wangoi, muuza mayai wa Kabiro, Malkia wa Trei Thelathini na mteja wa kila siku wa Probox ile, alishukia upande wa barabara, bodaboda zikimpuliza sketi. Siku trei mbili zilipoanguka, alitoa tamko.

"Jeco, nakupenda kama mtoto wa dada yangu, lakini mimi si mtu wa sarakasi. Huo mlango ufunguke kabla ya Jumatatu, ama mayai yangu yatabebwa na gari la Muiruri."

Na bila mayai ya Wangoi, Probox haikuwa na safari ya uhakika hata moja.

Basi Alhamisi wakaenda wote wawili, Wangoi na Jeconia, bega kwa bega, hadi ngome ya bima, mbele ya Gichuru, Mlinzi wa Mafaili. Jeconia akavua kofia.

"Bosi, mlango wangu umelala usingizi wa mauti! Nimekuja hapa mara nne. Askari wa geti sasa ananisalimia watoto kwa majina!"

"Mzee, mimi sibishani na mtu," akajibu Gichuru. "Nafuata ripoti. Ripoti inasema mlango hauna tatizo."

"Hiyo ripoti imewahi kubeba mayai?" akauliza Wangoi.

Foleni nzima ikacheka. Gichuru akainuka, tai ikipepea kama bendera ya jeshi. "Twendeni chini kwenye gari. Nitaufungua mbele yenu, tumalize hii stori."

Akauvuta kwa nje: mkono mmoja, mikono miwili, kisha mguu ukikanyaga tairi. Mlango ukanyamaza. "Huu ni wa kufunguliwa kwa ndani," akatamka, kama jemadari anayehamisha uwanja wa vita, akaingilia upande wa kulia na kuteleza hadi mwisho wa kiti. Wangoi akamfuata, akaketi, akajaa, akaufunga mlango wa kulia, akaweka mkoba mapajani.

Gichuru akasukuma kwa bega. Akasukuma kwa goti. Jasho likamtoka kama mtu anayehama na kabati. Mwishowe akageuka, sauti imepoa. "Mathe, hebu nipishe nitokee huko kwako."

Saa sita kasorobo, fomu ya kulirudisha gari gereji ilitiwa saini humohumo, juu ya goti la Gichuru, na Jumamosi mlango ukafunguka kwa kidole kimoja, Gatwekera ikipiga vigelegele, Kabiro ikijibu. Lakini wenye kumbukumbu hawaisimulii saini. Husimulia jibu lililoizaa, alilolitoa Wangoi akitazama mbele, bila kusogea hata inchi:

"Utokee kwangu kwa nini, kijana? Mlango wako si hauna tatizo?"