Kinanda cha Josepha na Meno Mawili

Jumatatu, 8 Machi 1937
Meno mawili ya mbele ya Josepha yametoka. Yote kwa siku moja! Alitafuna kahawa kavu, ile ya kutafuna, niliyoletewa kutoka Bukoba. Namshukuru Mungu hakuyameza. Lakini Mwalimu Mihayo amemtoa kwenye kundi la filimbi, maana akipuliza anatoa upepo na mate tu. Pasaka atakaa akitazama wenzake. Amelia mpaka akapata kwikwi. Miaka saba, binti yangu pekee! Nikaziba pengo kwa nta ya mshumaa. Filimbi ikalia vizuri mstari mmoja, kisha akaimeza nta. Mama yake, Adventina, amesema maneno ambayo siyaandiki humu. Nashukuru hakunipiga.

Jumatano, 10 Machi
Josepha anasema basi atapiga kinanda cha kanisani. Kinanda hakihitaji meno! Akili hiyo kaitoa kwangu. Mihayo amekubali shingo upande: mtoto akiuweza wimbo mmoja, ataupiga baada ya misa ya Pasaka. Nikamshukuru kwa mkungu wa ndizi. Kisha nikaenda kwa Padre. Akanikumbusha kuwa ni Kwaresima. Kinanda kimefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake mpaka Pasaka. Na mkungu umeshaliwa.

Ijumaa, 12 Machi
Mama Gangaben, mwenye duka la vitambaa, ana kinanda kidogo cha sanduku. Jioni hupigia nyimbo za dini yake. Lakini kwenda kuomba hivihivi? Mimi Kahigwa, karani wa pamba! Nikamwambia daktari ameagiza mtoto akae karibu na kinanda kila siku ili meno yaote haraka. Alimaliza kukunja kitambaa alichokuwa anapima. Kisha akasema aje kila siku saa kumi. Josepha karudi na ladu, kitamu cha Kihindi, mkononi, mdomo umejaa sukari. Mungu ambariki mama yule.

Jumamosi, 20 Machi
Wimbo umekamilika! Vidole vya mkono wa kulia vinabonyeza, mkono wa kushoto unapepea ubao wa nyuma kuingiza upepo. Safi kabisa. Nimepita mbele ya nyumba ya Mihayo mara nne nikiupiga mluzi. Mama Gangaben nimemwalika Pasaka. Ndiyo shukrani yangu.

Jumapili, 28 Machi, Pasaka
Mungu wangu! Kinanda cha kanisani ni cha kukanyaga, upepo huingizwa kwa miguu. Miaka sita nakitazama, sijawahi kuangalia chini. Miguu ya Josepha ilining'inia, haifiki. Mkono wa kushoto ukapepea hewani ukitafuta ubao. Kimya. Mihayo akakohoa. Mdomo wa mtoto ukaanza kutetemeka, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo Mama Gangaben, aliyeacha viatu mlangoni na kukaa benchi la mwisho, akaja mbele na sari yake ya kijani. Akapiga magoti, akasukuma kanyagio kwa mikono miwili. Sauti ikatoka! Josepha akapiga wimbo wote, mkono wa kushoto ukipepea bure mpaka mwisho. Padre alitoka mbio akidhani mama anataka kubatizwa. Mimi nililia mbele za watu, wala sioni haya kuandika.

Nje Mama Gangaben akaniambia kuwa ile habari ya daktari hakuiamini hata kidogo. "Wewe omba tu, mimi tatoa," akasema. Nimeapa sitamdanganya tena mtu mwema kama yule.

Jumatatu, 29 Machi
Jino jipya limechomoza! Mihayo amekuja mwenyewe kusema nafasi ya filimbi iko wazi. Josepha kamwamkia kwa adabu, kamshukuru, kakataa. Yeye ni mpiga kinanda, na ataendelea kujifunza mpaka miguu ifike chini. Nimefurahi kupita kiasi.

Kesho napeleka ndizi dukani kwa Mama Gangaben. Nitamshukuru kwa moyo wangu wote. Halafu nitamweleza kuwa daktari ameyapima magoti ya Josepha, na ameagiza kinanda kila siku.