Kurudishiwa Stetimenti Niliyoifunika Kama Mlivyoniagiza

Kaluki Muindi,
Tawa.

Kwa Meneja wa Mikopo,
Sacco ya Tone kwa Tone,
Wote.

Bwana Meneja Mbithi,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Habari ya afya, mwanangu? Kile kifua ulichokuwa nacho siku ya mkutano wa wanachama kimepona? Ulikohoa sana ukisoma gawio, mpaka nikamwambia jirani yangu kwamba kijana huyu anahitaji limau na asali, gawio litangoja. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mume wangu Muindi na mgongo wake, na hili joto. Jioni mawingu yanakuja, yanatutazama, halafu yanaenda zao.

Naandika kwa uchungu lakini kwa heshima. Mimi ndiye niliyeomba mkopo wa tangi la maji. Fundi Mulwa amekwisha kufunga mifereji kwenye paa, yote inaelekea pale tangi litakapokaa. Mvua ikinyesha kabla ya tangi kufika, maji ya paa zima yatamwagikia msingi wa jikoni, na jiko litaanza kutembea. Kisha kiangazi kikirudi, mimi na punda tutarudi mtoni kuchimba mchanga na kuteka kikombe kwa kikombe, na mvua yenyewe ilininyeshea kichwani. Kwa hivyo hii si barua ya mzaha.

Ofisi yenu ilinitumia ujumbe kwamba niskani stetimenti ya benki na kitambulisho, nitume kwa imeli, na kabla ya kutuma nifunike habari zote nyeti. Nilitii. Jumatatu mkairudisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkusema nyeti ni nini. Ikabidi nipige magoti nimuulize Mungu. Namba ya kitambulisho si nyeti, Bwana Meneja. Anayo askari wa geti la kaunti, iko kwa kitabu cha mbolea, na iko kwa kila duka la kutolea pesa kuanzia hapa mpaka Kanyangi alikoolewa dada yangu. Namba ya akaunti mchungaji aliibandika mlangoni mwa kanisa wakati tunachangiwa matibabu ya Muindi, na mpaka leo hakuna aliyeibandua. Namba ya siri ya kadi nilikuwa nimeiandika kwa kalamu juu ya stetimenti yenyewe, kwa sababu Muindi husahau. Hizo zote nikaziacha wazi. Kitu kinachojulikana na kila mtu, nani atajisumbua kukiiba?

2. Kitu nyeti ni sadaka. Bwana alifundisha tutoe kwa siri, hata mkono mmoja usijue mwenzake anafanya nini. Sasa kama mkono wangu mwenyewe haufai kujua, itakuwa karani wa Wote? Nikafunika fungu la kumi. Halafu nikaona mapato bado yako pale yanatazama watu. Mtu yeyote aliyefika darasa la nne atayagawanya kwa kumi, na sadaka yangu itasimama uchi. Nikafunika mapato. Lakini ukijumlisha matumizi na salio unarudi kwa mapato, kwa hivyo nikafunika matumizi, nikafunika salio. Tarehe zilionyesha Jumapili, nikafunika tarehe. Jina langu likabaki peke yake pale juu kama mtu anayejivuna. Nikalifunika pia, nikashukuru.

3. Kufunika kwenyewe kumeniletea maadui. Nasreen, yule anayeskani karatasi za watu kwa saiba ya baba yake, Abdulatif, pale sokoni, aliniambia kwa adabu kabisa, "Mama Mutanu, kaa tu hapo, nitakuwekea visanduku vyeusi kwa kompyuta, ni dakika moja." Lakini huwezi kufunika kitu kama hujakiona! Nilipomweleza sababu alinielewa, maana hata kwao sadaka ya siri ndiyo inayosifiwa. Nikaenda nyumbani nikafunika mwenyewe kwa rangi ya viatu vya Muindi. Sikungoja ikauke, nikairudisha saiba. Kioo cha skana kikashika rangi, na siku hiyo soko lote la Tawa likafunikwa pamoja nami. Mzee Nyamai alikuja kuskani picha ya ng'ombe anayetaka kumuuza, akaituma bila kuitazama, kumbe ng'ombe ana mstari mweusi machoni kama mshukiwa aliyefikishwa kortini. Mnunuzi akapiga simu akauliza, "Mzee, huyu mmemwiba wapi?" Sasa Mzee Nyamai ananipita njiani bila salamu, na mimi nilikuwa rafiki ya mke wake. Hilo nalihesabu juu yenu.

4. Karani wenu alinipigia simu akacheka kwanza, kusalimia baadaye. "Mama, umeficha pesa ukaacha PIN! Hapa tunaona PIN pekee!" Na simu yangu huongea kwa sauti kubwa, haijui kunong'ona, kwa hivyo hata waliokuwa wanasaga mahindi walisikia. Akaniambia niibadilishe siku hiyo hiyo. Siwezi. Sitaiandika hapa, kwa usalama, ila ni ule mwaka niliookoka, ambao kanisa lote huusikia nikitoa ushuhuda. Mtu aliyeokoka akibadilisha mwaka wake, si amerudi nyuma huyo?

5. Karani huyo huyo akamalizia kwamba Sacco haiwezi kukopesha kwa kitu isichokiona. Asi! Na mkutano si mlifungua kwa maombi? Imani ni ya nini, mwanangu, kama si ya mambo yasiyoonekana? Karatasi yangu ni nyeusi kutoka juu mpaka chini. Sijui mtapata wapi nafasi nzuri kuliko hiyo ya kuamini.

Kwa hivyo naomba, kwa unyenyekevu, fomu yangu ishughulikiwe na mtu asiyeitazama. Ikiwa hakuna karani anayeweza kujizuia, basi aitazame siku ambayo amefunga kula. Kamati ikikaa, ipitishe mkopo wangu ikiwa imefumba macho, kama tunavyofanya wakati wa kuomba, na atakayekataa aseme amina kwa sauti ndogo. Mkataba ukiandikwa, kiasi cha mkopo kifunikwe, kwa sababu mtu akijua nalipa ngapi atauliza nabaki na ngapi, na hapo tutakuwa tumerudi kwa mapato, na mapato nimekwisha kueleza. Mimi nami sitadai kuonyeshwa riba. Nitalipa gizani, nanyi mtapokea gizani, na Baba wa mbinguni atatuwekea hesabu.

Nisalimie mama yako sana, mwambie nilikula ile sima yake kwenye kongamano la akina mama na sijaisahau. Wasalimie wote ofisini, hata karani anayecheka, sina kinyongo naye, ni ujana. Msalimie askari aliyenipa kiti. Muindi anakusalimu akiwa amelala chali. Dada yangu wa Kanyangi hamjuani lakini amesema salamu haziozi.

Ni mimi mama yako katika Bwana, mwanachama asiyetaka kujulikana,

Kaluki Muindi (Mama Mutanu)

Nyongeza: Muindi amesomewa barua hii akasema, "Kaluki, hawa watu wasipoona kitu hawatatoa kitu, na tangi halitaletwa na ubishi." Nimeona ana neno. Basi naambatisha picha ya cheti nilichopewa na kanisa mwaka jana kwa kuwa mtoaji bora. Kinaning'inia sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni akiingia asihangaike kukitafuta. Fungu langu la kumi limeandikwa humo mwezi kwa mwezi, kwa rangi ya dhahabu, na pembeni niko mimi nikishikana mkono na mchungaji. Zidisha kwa kumi mwenyewe. Nasreen aliuliza kama afunike mahali, nikamwambia asiguse hata herufi moja, tena aikuze kidogo. Tafadhali nijibu upesi.