Utando wa Kigen Usipoteze Umeme

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwezi mzima wa ndoa! Kigen wangu kaja na kitu mfukoni. Zawadi? La. Ni utando wa plastiki, mwembamba kama ule wa juu ya maziwa, umeshikana na kipande cha kioo. Plastiki haipitishi umeme, hata mimi niliyeishia kidato cha nne najua. Lakini huu umetiwa dawa inayoupokonya elektroni, na umeme unapita! Nikamwambia ndivyo alivyonipokonya moyo. Akacheka hadi akakohoa. Nampenda!

Shida ni kwamba dawa haikai. Joto na unyevu huitorosha, umeme ukafifia. Yeye na mwenzake Chesang wamepewa kila mmoja utando auweke nyumbani. Ijumaa Profesa Adongo, mkuu wa maabara yao, atapima upi bado unapitisha umeme. Nafasi ya kazi maabarani ni moja tu. Kigen akishindwa, anarudi Mai Mahiu kuchaji betri za malori, nami nitamwona Jumapili tu. Jumapili tu! Bibi arusi!

Jumanne, 4 Machi

Chesang alipita kusalimia. Akauliza, shemeji, wenu mmeuweka wapi? Nikasema kwenye droo. Akanywa chai yangu, akatabasamu. Huyo ana mbinu! Basi nami nitatafuta yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Hotipoti! Harusini tulipewa nyingi hadi zingine zinalala chini ya kitanda. Chapati ya asubuhi ukiitoa jioni iko vilevile. Umeme ni nani usitunzwe? Nimechagua yenye maua mekundu, nikaipasha kwa maji yaliyochemka kama mama alivyonifundisha, nikatia utando, nikafunika kabisa. Kigen hajui. Atafurahi jamani!

Ijumaa, 7 Machi

Alikuta droo tupu. Akaniita majina yote, hata la ubatizo. Nikaleta hotipoti, nikafunua. Mvuke ukampiga usoni. Akakaa chini sakafuni. Nikauliza, mbona chapati hukaa vizuri? Akasema chapati haina dawa ya kutoroka, Namalwa.

Kwa Profesa, mita haikusogea. Ule wa Chesang ulipitisha vizuri. Nafasi kachukua yeye. Nikamvuta kando, nikamtaka aseme mbinu yake. Akashangaa. Akasema, shemeji, mimi niliuacha tu kwa droo.

Uongo mtupu.

Jumapili, 9 Machi

Kigen anaondoka leo. Nimelia, amenipangusa machozi kwa shati lake jipya. Mume gani huyu! Hana kinyongo. Tena Profesa amempa utando mwingine ajaribu mara ya pili, kwa sharti kwamba ukae Mai Mahiu, mbali nami. Kigen ameniomba jambo moja: nisimsaidie. Nimeapa.

Lakini Mai Mahiu na lile vumbi! Na lile jua! Sasa anaoga, begi liko wazi. Nimeupaka utando mafuta ya kukamulia ng'ombe, pande zote, safu nene. Hewa itapitia wapi?

Jumapili ijayo atanishukuru.