Matone Matatu Kwenye Maji ya Deki

Chiriku aliingia duka la dawa kukwepa mvua tu. Kununua hakukuwa katika mipango yake. Alisimama karibu na rafu ya dawa za kikohozi, akajifanya anasoma maandishi ya pakiti, mara akamwona mama mmoja mwenye mkoba wa ngozi akikabidhiwa kichupa kisichozidi kidole gumba. Mwuza dawa akataja bei. Chiriku alidhani amesikia vibaya. Kwa bei hiyo mtu angenunua dumu zima la mafuta ya kupikia na chenji ikabaki.

Yule mama hakushtuka wala hakuomba kupunguziwa. Alilipa, akafungua kizibo, akanusa, akafumba macho kama mtu aliyepokelewa dua yake.

"Samahani, mama," Chiriku akamwambia kwa ile sauti yake ya kumtoa nyoka pangoni. "Ni dawa ya nini hiyo?"

"Mafuta ya mkaratusi, mwanangu. Ya mmea wenyewe. Matone matatu kwenye maji ya deki, nyumba nzima inapumua. Mafua yakinibana najifukiza. Miguu ikichoka naitia kwenye beseni, tone moja, najisikia kama nimeazimwa miguu ya msichana."

"Na yanaisha upesi?"

"Yanaisha," mama akasema kwa huzuni. "Yakiisha narudi hapa hapa."

Mvua ilipokatika, Chiriku alitoka akiwa mtu mwenye kazi.

Hapa inafaa tumtendee haki. Chiriku hakuwahi kuvunja mlango wa mtu. Milango alifunguliwa na wenyewe, akakaribishwa, akapewa na kiti. Alikwisha kuuza udongo wa kuotesha nywele, na mteja wake wa kwanza alikuwa kinyozi. Alikwisha kuuza kamba ya kuanikia nguo isiyoguswa na kunguni, ingawa hakuna aliyewahi kusikia kunguni wa kamba. Hakulazimisha mtu. Alisema tu, na watu wakajipeleka wenyewe, kama kuku wanavyojipeleka bandani jua likizama.

Siku hiyo alitoa akiba yote ya nyumbani. Alinunua vichupa viwili vya kweli, kimoja cha mkaratusi na kingine cha mchaichai, kwa sababu mtego bila chambo ni kamba tu. Fedha iliyobaki ikaenda kwenye dumu la mafuta ya alizeti na magunia mawili ya chupa za dawa za maji zilizokwisha kutumika, ambazo alizichemsha mpaka zikang'aa.

Mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani, aliacha kushona akamtazama.

"Baba Pacha, haya si ya kukaangia?"

"Yalikuwa."

"Na sasa?"

"Sasa ni lavenda."

"Lavenda ndiyo nini?"

"Hata wateja hawajui. Ndiyo maana tutaelewana."

"Akiba ya nyumba imo humo ndani," mkewe akasema, akigonga dumu kwa kidole. "Ukirudi mikono mitupu, utakula hayo hayo, kijiko kwa kijiko."

Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mteja alinusishwa kichupa cha kweli. Akikolea, aliuziwa chupa ya alizeti iliyopakwa tone la mkaratusi shingoni, ili akifungua mbele ya muuzaji apate harufu ya kumtuliza. Akifika nyumbani harufu imekwisha ruka, lakini naye Chiriku alikuwa ameruka.

Siku za mwanzo biashara ilimnyookea. Msusi mmoja alinunua za kupaka kichwa. Mwalimu mstaafu alinunua za magoti, na kabla hajafika mlangoni kwake alikuwa ameanza kutembea vizuri, maana mtu aliyelipa ghali hupona haraka. Lakini kuuza chupa moja moja ni kuchota mto kwa kijiko. Chiriku alitaka kupata watu kwa jumla. Ndipo akabeba boksi lililojaa pomoni, akaelekea kwenye jengo la ghorofa lenye mapazia mazuri.

Alipobisha mlango wa kwanza, alifungua mwanamke mnene kidogo, mwenye kitambaa kichwani na macho yaliyotulia. Alimsikiliza Chiriku mpaka mwisho bila kumkata kauli, jambo ambalo wateja hufanya mara chache na wajanja hufanya mara nyingi. Chiriku hakulitilia maanani.

"Umefika penyewe, fundi," mwanamke akasema. "Mimi ndiye mwenyekiti wa kina mama wa jengo hili. Nikisema ndiyo hapa chini, huko juu wote wamesema ndiyo."

Moyo wa Chiriku uliruka kama panzi.

"Ila mimi sinunui kwa kusikia," akaendelea. "Nimewahi kununua sufuria kwa kusikia. Ilitoboka maharage hayajaiva. Nionyeshe kwa macho."

"Popote utakapo, mama mwenyekiti."

"Tuanze bafuni. Sebule husema uongo, bafu halisemi."

Kweli bafu lile halikuficha kitu. Mipaka ya vigae ilikuwa imeota weusi na sinki lilikuwa na rangi ya chai. Chiriku alikunja mikono ya shati. Alitia matone matatu ya mkaratusi wa kweli kwenye ndoo, akapiga magoti, akasugua. Harufu ikapanda. Mwenyekiti alisimama mlangoni akitikisa kichwa kwa mshangao.

"Ajabu! Na nyuma ya choo pia yanafika?"

"Yanafika kila mahali, mama."

"Hebu tuone."

Yakafika nyuma ya choo. Kutoka hapo walihamia chumba cha kulala, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amesikia kwamba mchaichai hufukuza uvundo wa godoro. Chiriku alinyunyiza soda ya kuokea iliyochanganywa na matone ya mchaichai, akasubiri, akapiga brashi, akaligeuza godoro zito kama deni la harusi, akapiga brashi upande wa pili. Jasho lilimwingia machoni.

"Na miguu je?" mwenyekiti akauliza. "Mtu akipaka miguu?"

"Hiyo ndiyo kazi yake hasa, mama."

Basi akachemsha maji, akayapooza kwa ya baridi, akaweka beseni mbele ya kochi. Mwenyekiti akatumbukiza miguu, akaegemea nyuma, akatoa pumzi ndefu mno. Chiriku aliisikia pumzi ile kama mlio wa pesa.

"Endelea na jikoni, fundi, mimi nasikilizia miguu huku. Pale juu ya jiko pameganda ukoko wa miaka. Mkaratusi ukiuweza huo, nitawaambia wenzangu wasinunue kitu kingine."

Mkaratusi uliuweza, kwa msaada wa kisu, sabuni na kucha mbili za Chiriku. Ilikuwa hapo jikoni alipogundua kwamba vichupa vyake vya kweli vimekauka. Alivigeuza, akavigonga chini, havikutoa hata chozi. Akajipa moyo. Mvuvi hahesabu chambo samaki akiwa ameshameza ndoana. Akachungulia boksi lake, akaona jengo zima likipanga foleni, ngazi mpaka ngazi, kila mama na pochi mkononi.

Sebuleni, basi, alitumia lavenda. Alimimina chupa nzima kwenye ndoo, akapiga deki. Vigae vikang'aa hadi ukaweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo.

"Ala!" mwenyekiti akasema, akifuta miguu. "Hii ni sakafu au kioo? Fundi, umenimaliza. Wenzangu wako juu kwa katibu, tuna kikao. Lete hilo boksi niwapelekee wajinusie wenyewe. Wewe malizia ile pembe chini ya kabati. Nikirudi, narudi na pesa zao."

Chiriku alisita. Katika maisha yake yote alikuwa na sheria moja, na aliiheshimu kuliko watu wengine wanavyoheshimu zile za serikali: mali na pesa hupishana mkono kwa mkono. Lakini alitazama lile kochi, mapazia, beseni lililokuwa bado linatoa mvuke. Mtu atakimbia nyumba yake mwenyewe? Aende wapi?

Akamfungulia mlango kwa heshima, akamsaidia hata kuweka boksi begani.

"Pembe ile, usiisahau," mwenyekiti akasema, akatoka.

Chiriku alikuwa bado amejifudikiza chini ya kabati aliposikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Aliingia mama mtu mzima mwenye mabegi mawili ya safari na kofia pana.

"Shikamoo, mama," Chiriku akasema, akainuka. "Karibu ndani. Mwenyekiti ametoka kidogo, yuko juu kikaoni."

"Marahaba. Mwenyekiti gani?"

"Mwenye nyumba hii."

"Mwenye nyumba hii ni mimi."

Chiriku akautazama mlango, kisha kitambaa cha deki mkononi mwake.

"Wewe utakuwa yule kijana wa dada wa usafi," mama akaendelea, akitua mabegi. "Nimekutana naye getini na boksi lake. Nimemlipa huko huko. Amesema fundi wake anamalizia sebule."

"Fundi wake," Chiriku akarudia taratibu, kama mtoto anayefundishwa neno jipya.

Alifungua kinywa kukana, kisha akakifunga. Kama hakuwa kijana wa usafi, alikuwa nani? Mwanamume asiyejulikana, ndani ya nyumba ya mtu aliyesafiri, aliyeingia mpaka chumbani na kugeuza godoro. Aliupima utetezi wake huku na huku, akaona kila upande unaelekea kituo cha polisi.

"Ndiyo mama," akasema. "Namalizia sebule."

Mama akapiga hatua ya kwanza ndani ya sebule yake. Mguu wa kulia ulikwenda kwenye televisheni na wa kushoto ukabaki na mabegi. Alidaka pazia, pazia likamzungusha, akatua juu ya kochi akiwa ameketi, kofia ikiwa bado kichwani, kama aliyekusudia. Alikaa kitambo akihesabu viungo vyake kimoyomoyo. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye kigae, akakinusa.

"Kijana."

"Naam, mama."

"Mbona sakafu yangu inanuka kikaango?"

Chiriku, mtu aliyewahi kumweleza kinyozi asili ya nywele, akaisukuma chupa tupu chini ya kabati kwa mguu.

"Nimelipia usafi, sikulipia kuvunjwa kiuno," mama akasema. "Sabuni iko chini ya sinki. Maji ya moto. Sitoki hapa mpaka nione."

Mafuta ya alizeti ni mali halisi; yakishika kigae hayaachii kwa maneno. Chiriku alipiga deki ya kwanza, sakafu ikateleza. Akapiga ya pili, ikateleza kwa povu. Mama alimwelekeza kutoka kwenye kochi kwa ncha ya kiatu, kule, na kule, na chini ya meza. Ilipofika deki ya nne, magoti ya Chiriku yalikuwa yakiomba dawa za mwalimu mstaafu.

Hatimaye mama akajaribu kwa kisigino. Kikashika. Akazunguka nyumba yote, kisha akarudi akiwa na sura nyingine.

"Bafu lile ni langu kweli? Na kile chumba! Tangu nihamie hapa godoro langu halijanukia vile." Akamletea bilauri ya maji baridi. "Mwambie dada yako kapata mtu. Wengi husugua pale panapoonekana tu. Wewe umefika mpaka nyuma ya choo."

Chiriku alikunywa maji yale akiwa ameinamisha kichwa. Jambo la kumwudhi zaidi ni kwamba alifurahi. Alikuwa amesifiwa mara nyingi maishani, lakini daima kwa vitu ambavyo havikuwepo.

Getini alimkuta mlinzi ameketi, mkono mmoja ameupeleka nyuma anajikanda mgongo.

"Wewe ndiye fundi wa usafi?" mlinzi akauliza. "Dada yako kapita zamani. Mwanamke hodari yule! Kauza mafuta yake hapa, tumegombania. Madereva wamechukua, mama wa dukani kachukua, boksi limeisha amesimama hapo ulipo." Akatoa chupa mfukoni. Chiriku aliitambua kama mzazi anavyomtambua mwanawe. "Mgongo huu umenitesa tangu nianze kazi ya kusimama. Nimepaka mara moja tu, umelainika."

"Umelainika kweli?"

"Kama mkate, kaka. Inaitwa nini hii?"

Chiriku alimtazama usoni. Neno la kweli lilimfika kooni, likachungulia nje, likaona mtu yule alivyofurahi, likarudi ndani.

"Lavenda," akasema kwa sauti ndogo.

"Mungu awabariki. Halafu kakuachia salamu. Anasema Jumatano kuna nyumba ghorofa ya tatu, wenyewe wako safarini, ina madirisha mengi kupita kiasi. Anasema kama bado unapenda kuonyesha watu kazi yako, unakaribishwa."

Chiriku alivuka barabara akiwa amebeba vichupa viwili vitupu mfukoni na mikono iliyokunjamana kama ya mfuaji. Nyumbani mkewe alikuwa akimsubiri, na dumu lilikuwa na mafuta ya kutosha vijiko vingi. Alijaribu kukasirika. Alianza vizuri, akafika kwenye tusi la pili, lakini likamjia lile neno alilomwachia mwenyekiti mlangoni, pembe ile usiisahau, na jinsi lilivyosemwa bila ukope kupepesa. Aliuchunguza mchezo wote toka mwanzo, akitafuta mahali ulipovuja. Haukuvuja popote. Mwanamke yule amesafishiwa nyumba, kakandwa miguu, kalipwa ujira, kapewa boksi, na mlango kafunguliwa.

Cheko likamponyoka katikati ya barabara, mtu wa baiskeli akamkwepa.

Akageuka, akarudi mpaka getini.

"Mlinzi," akasema. "Hiyo Jumatano ni saa ngapi?"

Mlinzi akacheka, akajikanda mgongo wake.

"Alisema utarudi kuuliza. Saa mbili asubuhi, na uje na ndoo yako."