Mvumo Ndani ya Kinanda

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Kinanda kimefika! Kimeshushwa kutoka paa la basi la Nairobi, kimefungwa blanketi, vumbi tele, lakini kizima. Cha umeme. Kipya. Nadhani hakuna kingine kama hiki Garissa nzima. Nikakiweka mezani, nikakichomeka ukutani, nikawaita watu wa nyumbani. Kabla sijagusa hata kitufe: mmmmmmm. Mvumo mzito, haukomi, kama ng'ombe anayeumwa tumbo. Mke wangu Rukiyo akauliza kama kuna kitu hai ndani. Nikamweleza kwamba vinanda vya maana vyote hupumua. Akamvuta binti yetu Sahro mbali na meza. Nikapiga wimbo ninaoujua. Mvumo ukaimba pamoja nami. Ulinishinda sauti.

Si neno. Harusi ya Anab, binti wa dada yangu Saynab, ni Ijumaa, na nimeahidi kupiga bure. Ogle, mpiga udi anayeitwa katika kila harusi ya mji huu, nimeshamwambia asije. Nilimwambia hotelini, mbele ya watu, kwamba wakati wake umepita, apumzike. Akasema, "Inshallah, walaal, ndugu yangu," akaendelea kunywa chai. Sikupenda alivyosema.

Jumapili, 4 Agosti

Mchawi nimempata! Ni friji ya Sharifo, jirani yangu, mwenye kuuza soda. Imeegemea ukuta wetu na inanguruma mchana kutwa. Bila shaka inapitisha ngurumo kwenye nyaya mpaka kwangu.

Sikutaka ugomvi. Nikamwendea kwa heshima, nikamwambia friji nayo ni kama punda, isipopumzika adhuhuri hufa ghafla. Nikaongeza kwamba wataalamu wa Nairobi wamethibitisha. Akashtuka, akaizima papo hapo. Nikakimbia nyumbani, nikawasha kinanda.

Mmmmmmm.

Alasiri Sharifo akaja na mfuko. Alisema friji imepumzika vizuri sana, lakini nyama imeharibika. Nyama ya nani, nikauliza. Yetu! Rukiyo aliiweka kwake asubuhi. Tumekula wali na ndizi. Rukiyo alinipakulia wa mwisho, na Rukiyo akinipakulia wa mwisho ni vibaya.

Jumanne, 6 Agosti

Ofisini leo karani mwenzangu kanieleza kwamba umeme uliozidi lazima upewe njia ya kuingia ardhini. Jambo dogo! Nikafunga waya kwenye chuma nyuma ya kinanda, nikaupitisha dirishani, nikaukaza kwenye msumari mrefu uani. Hakuna mabadiliko. Nikachunguza udongo. Mkavu kama biskuti. Umeme gani utakubali kuingia humo?

Nikamwaga maji. Mvumo ukapungua! Naapa ulipungua. Nikamwaga tena. Nilipokuwa nimeanza kupata raha ya kupiga, mbuzi wa mtaa wakanusa unyevu, wakaja wote. Mmoja akatafuna waya mpaka dirishani, akaniangalia.

Rukiyo akatoka na sufuria kutafuta maji ya kupikia. Mtungi ulikuwa mtupu. Mwenye mkokoteni wa maji alikuwa ameshapita. Hapo ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, "Baba Sahro, umenyweshea msumari maji yetu?" Nikajibu kwamba kitaalamu siyo msumari. Halikuwa jibu zuri.

Jumatano, 7 Agosti

Anab kaja. Nilikizima kinanda haraka, nikamwambia kinapoa. Alikuwa na ombi moja. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na wimbo aliokuwa akiwapigia ngamia mluzi kisimani, kule Tarbaj. Anab anataka kuingia harusini kwa wimbo huo. "Abti, huo tu," aliniambia mimi mjomba wake. "Mengine piga upendavyo." Akaniimbia taratibu, macho chini. Wimbo mfupi, mwepesi, unapanda mara moja kisha unatua. Nikaushika. Nikamwahidi.

Alipotoka akapishana na Ogle mlangoni. Ogle kaja kunisalimia, eti. Akaomba asikie kinanda. Nisingeweza kukataa. Akasikiliza mvumo, kichwa kimeinama, muda mrefu. Kisha akasema kwa upole kwamba Ijumaa anaweza kuja na udi wake akae pembeni, ikiwa nitachoka. Nichoke! Nikamwambia vidole vyangu havijui kuchoka. Mtu huyu anapanga kitu.

Ijumaa, 9 Agosti

Harusi. Naandika yaliyotokea bila kupunguza.

Kwa Saynab hakuna umeme, nikaazima jenereta. Nilifurahi. Umeme mpya, safi, ambao haujawahi kupita kwa Sharifo! Ikawashwa baada ya swala ya alasiri, ua ukiwa umejaa wageni. Jenereta ikapiga kelele nje, dudududu. Kinanda kikaitikia ndani, mmmmmmm, mara mbili ya ule wa nyumbani. Wazee wakaanza kuongea kwa mikono.

Nikapata wazo. Jenereta ikifunikwa itanyamaza, nami nitabaki na adui mmoja. Niliona godoro limesimamishwa ukutani, nikalitupa juu ya jenereta. Kelele ikashuka kweli! Nikarudi mbio kwenye kinanda kwa sababu Anab alikuwa anaingia.

Nikaanza wimbo wa baba yake. Nilikuwa nikiupiga sawasawa, hilo nitalisema hata kortini. Lakini hakuna aliyeusikia. Anab alisimama katikati ya ua, shela imeinuliwa kidogo, akitega sikio. Niliona uso wake ukingoja. Kisha ukaacha kungoja. Akanisogelea, akasema, "Abti, zima."

Sikuwahi kuzima. Harufu ya sponji kuungua ikafika, mtu akapiga kelele moto, jenereta ikakohoa, ikafa. Wakamwagia mchanga. Godoro lilikuwa la bibi harusi.

Kimya. Nilikuwa sijasikia kimya tangu Jumamosi. Nilitamani nikae nyuma ya meza ile mpaka watu wote waende kwao.

Ndipo dada yangu Saynab, ambaye hajaimba tangu amzike mumewe, akauanza ule wimbo wa kisimani. Sauti yake ilikwaruza mwanzoni. Ogle alikuwa amekaa kati ya wageni. Alikuja na udi hata hivyo! Akamfuata polepole, bila kumpita. Wanawake wakapiga makofi, vigelegele vikatoka, Anab akalia na kucheka kwa pamoja na kutembea mpaka kwenye kiti chake. Ogle akanipungia mkono niende kukaa karibu naye, akanipa karai la bati nilipige kama ngoma. Nikapiga. Macho yalikuwa yakiniwasha kwa ule moshi.

Kabla sijaondoka Saynab alinishika bega. Akasema nimletee godoro jingine kesho asubuhi, na kwamba ilikuwa harusi nzuri.

Jumapili, 11 Agosti

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa la godoro. Sponji ni kitu dhaifu. Pamba isingeungua upesi vile, na wimbo ungesikika mpaka mtoni.

Ila kuna jambo kubwa zaidi nililoligundua leo nikioga. Shuleni tulifundishwa kwamba hasi mara hasi ni chanya. Kwa hiyo mvumo mmoja ni tatizo, lakini mivumo miwili ikikutana lazima ifutane. Nashangaa Wajapani waliokitengeneza hiki kinanda hawakuliona. Nimempigia simu Bare, mfanyabiashara wa Eastleigh, Nairobi, aliyeniuzia hiki, anitumie kinanda cha pili, kama hiki hiki, kwa basi la Alhamisi. Mtu wa Bura anamwoza mwanawe mwisho wa mwezi. Nimeshamwahidi vinanda viwili, na nimemwambia asimsumbue mtu mwingine yeyote.

Kilichobaki ni kumweleza Rukiyo kwa nini ng'ombe wake mtamba ameondoka na lori la Nairobi kwenda kwa Bare. Nitamweleza akishasikia ule ukimya.