Dole Gumba la Wazee Ishirini na Wawili

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwisha. Matroni ametangaza kwenye chai ya saa nne: mkaguzi wa makao ya wazee anakuja Ijumaa. Atakagua jiko, dawa, vyoo na shughuli za wakazi. Aliposema shughuli aliniangalia mimi. Wote wakaniangalia.

Shughuli za wakazi ndiyo kazi yangu. Kanuni zake ziko ukutani nyuma ya kiti changu, kurasa tatu, nimezifunika kwa kalenda. Kila mzee aulizwe anapenda nini. Shughuli tatu kwa wiki, zisipungue. Kila aliyehudhuria aweke dole gumba kwenye rejista. Rejista yangu ina ukurasa mmoja tu, wa Februari. Siku hiyo niliwaanzishia mazoezi ya viungo, na Mwalimu (mstaafu, chumba namba mbili) akasema mbele ya watu wote kwamba nahesabu kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Tangu hapo ukumbi naupita mbio.

Karani wa ofisi, tunayemwita Faili, amenipita akipiga mluzi. Makabrasha yake kayapanga kwa rangi. Simpendi hata kidogo.

Kufukuzwa si kitu. Kinachoniuma ni Shangazi, chumba namba saba. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Kitanda chake alipewa kwa sababu mimi ni mfanyakazi hapa. Nikitoka mimi, naye anatoka. Kwangu ni ghorofa ya nne, ngazi tupu, na miguu yake haivuki hata kizingiti bila kushikwa. Nimempitia kabla ya kwenda nyumbani. Akauliza mbona nimesawajika. Nikasema ni joto. Akasema leo kuna baridi.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata mpango! Rejista ni karatasi, na karatasi hujazwa. Nimejifungia stoo ya magodoro tangu asubuhi, mimi na pedi ya wino. Miezi minne, shughuli tatu kwa wiki, wazee ishirini na wawili. Kufuma. Kuimba. Drafti. Bustani. (Hatuna bustani. Nimeandika "bustani ya kwenye makopo".) Dole gumba lililofanya kazi yote ni moja, langu. Nani atachunguza kidole cha bibi wa miaka themanini?

Saa tisa nimemaliza. Alama zaidi ya elfu moja! Nikainua ukurasa dirishani niifurahie kazi yangu. Jasho likanitoka.

Kovu! Utotoni nilijikata kwa wembe, na mstari wake unapita katikati ya dole gumba. Sasa wazee wote ishirini na wawili wana kovu. Mahali pale pale, tangu Februari.

Tena wino hautoki. Nimejaribu sabuni, ndimu, mafuta ya taa. Nanuka kama jiko la mchina na kidole bado cha zambarau.

Jumatano, 11 Juni

Nimelifunga dole gumba bendeji. Matroni akauliza kulikoni. Nikasema kisu. Akauliza kisu gani. Nikasema cha kutu. Kwa nini nilisema cha kutu? Muuguzi akataka kufungua aone. Nikamwambia damu imeganda, nikiiona nitazimia. Nimedungwa sindano ya pepopunda kwa kidonda kisichokuwepo. Nakalia upande mmoja. Faili kaniletea mto, mnafiki mkubwa.

Mpango wa pili. Mkaguzi akiwasikia wazee wenyewe wakinisifu, hatakuwa na haja ya kufungua rejista. Lakini lazima wafundishwe majibu. Nimeingia ukumbini. Nikawaambia kuna mtu atakuja kuwauliza maswali, basi waseme wanafuma, wanaimba, wanacheza drafti. Mwalimu akauliza kama huko ni kudanganya. Nikasema ni mazoezi. Shangazi akasema huyu mtoto akianza kusema kwa sauti nyembamba, ujue kuna kitu kavunja. Wakacheka mpaka babu mmoja meno ya bandia yakamdondoka.

Nikajifanya mkaguzi. Majibu ya ovyo kabisa! Bibi mmoja amesema kila Jumanne wanaogelea. Mwalimu akadakia kwamba mkaguzi hawezi kuwa mtu anayetetemeka, wateue mwingine. Hapo Fundi Saa akanyoosha mkono. Fundi Saa! Hajasema neno tangu aletwe hapa mwaka jana, tulidhani hawezi. Akaazima miwani ya jirani, akakohoa, akaniuliza mimi: wewe hapa umeajiriwa kufanya nini?

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mchezo tu, lakini mgongo wangu ulilowa kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Saa mbili asubuhi nimekuta kumi na wanne wananingoja ukumbini. Bibi wa chumba cha mwisho, asiyetoka kitandani, kasukumwa pamoja na kitanda chake. Wanagombea kuwa mkaguzi. Wamepanga zamu. Fundi Saa kaongea mfululizo, akasimulia saa zote alizowahi kutengeneza. Wote wamechangamka, na hakuna hata mmoja aliyekariri majibu yangu! Nimewasihi. Nimewasihi karibu nilie. Mwalimu akaniambia nikae nisubiri zamu yangu.

Basi mpango wa tatu: rejista imwagikiwe chai. Ajali, nani atauliza? Nimekwenda ofisini na kikombe kimejaa. Rejista haipo! Faili, bila kuombwa na mtu, kaichukua, kaitia jalada jekundu, kaibandika lebo na kuiweka juu ya meza ya Matroni. Alitaka nimshukuru. Nikamshukuru. Nikainywa ile chai nimesimama.

Shangazi ananiambia nile. Nimekaa kando ya kitanda chake nikahesabu ngazi za nyumbani kwangu. Sitini na nane.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa bado sijaamini.

Mkaguzi ni mama mfupi, mpole. Wapole ndio ninaowaogopa. Jiko hakuliangalia kwanza, wala vyoo. Alianza na jalada jekundu. Alifungua taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Akauliza: wazee ishirini na wawili, miezi minne, hakuna hata siku moja aliyesema leo sitaki? Akasema kwake wako wawili tu, yeye na mumewe, na hata chai hawakubaliani. Nikasema wazee wetu wana nidhamu. Akaweka kidole juu ya kovu la kwanza. Akafunua ukurasa. La pili. Kisha akaitazama bendeji yangu. Kwa jasho, wino ulikuwa umepenya. Bendeji nzima ya zambarau.

Akalifunga jalada. Afadhali angepiga kelele.

Akaomba kuonyeshwa ukumbi. Tukamkuta Fundi Saa kwenye kiti cha mkaguzi, miwani ya kuazima puani. Akamwambia mgeni amechelewa, akae nyuma, leo mkaguzi ni yeye. Mama akakaa! Akauliza kwa upole wanafanya shughuli gani hapa. Nilikuwa nyuma ya Mwalimu, namfinya bega. Mwalimu akasimama akajibu kama yuko darasani: tangu Februari, hakuna; tangu Jumatano, tunajifunza kukudanganya wewe. Akaongeza kwamba ni shughuli nzuri sana, na usipowahi hupati kiti.

Nikaanguka kwenye benchi. Upande wa sindano.

Mama alikaa nao saa nzima. Walimkagua viatu, mkoba, hata ndoa yake. Alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akanitoa koridoni, na kicheko kikaisha. Rejista ni uongo mtupu na ataandika hivyo. Lakini mzee aliyekuwa haongei sasa anaongea, nalo ataliandika. Ananipa siku thelathini. Mchezo huo huo, mara tatu kwa wiki, na kila mzee aweke dole gumba lake mwenyewe. Akirudi akaukuta unaendelea, nabaki. La sivyo, mimi na kitanda cha chumba namba saba tumekwenda.

Shangazi alinifungua bendeji akanisugua kwa kitambaa cha maji. Akasema kovu hilo analijua, siku ile yeye ndiye aliyelifunga kwa kipande cha khanga yake. Akasema anaogopa kuhamishwa, anaogopa zile ngazi zangu. Hajawahi kuniambia kwamba anaogopa kitu. Akasema nikacheze nao tu, kazi yenyewe ni hiyo. Nikaapa. Nililia kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Siku thelathini ni nyingi mno! Nimewaza Jumapili nzima. Nikiugua je? Wakichoka je? Fundi Saa akinyamaza tena je? Siwezi kuweka kitanda cha Shangazi rehani kwa wazee wanaobadilika kama hali ya hewa. Bora kujihami mapema.

Niko stoo ya magodoro. Rejista mpya, pedi mpya, nimeshafika Julai. Safari hii mimi si mjinga. Nina vidole tisa visivyo na kovu, na kumi vya miguuni, kiatu nimeshavua. Hata waliokataa nimeweka! Mwalimu hatahudhuria Jumatano ijayo, ana mafua.

Ukumbini wananiita. Shangazi, kashikwa mkono na Mwalimu, kagonga mlango kwa fimbo mara mbili, anasema kiti wamekiweka katikati, leo ni zamu yangu kuwa mkaguzi. Nimemwambia waendelee kunisubiri, wino haujakauka.